Siku ya klabu kuvua trauti Mto Thego, mvua ikinyesha: uzoefu wangu

Trauti, samaki wa maji baridi ya milimani, tulipata, ila si wa kujaza sufuria. Hata hivyo naipa siku hii nyota nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za mwelekezi wetu, mzee mmoja aliyekulia kando ya mto huo wa Mlima Kenya.

Ada ilikuwa shilingi 7,000 kwa mtu, pamoja na fimbo ya kuvulia, nzi bandia (ndoano iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu) na chakula cha mchana. Leseni ya uvuvi na kiingilio cha msituni unajilipia mwenyewe, jambo ambalo tangazo lao lililitaja kwa herufi ndogo mno. Tulikutana Chaka, mji mdogo wa Nyeri, asubuhi. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha na bado haikuonyesha dalili ya kuacha. Kuna waliogeuza gari hapo hapo wakarudi Nairobi.

Darajani tulikuta mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mzee aliutazama kidogo tu. "Huu ni udongo wa mashamba. Twende juu." Huku chini mto unapita kwenye viazi na kabichi, na mvua ikipiga, udongo wote unateremkia majini. Ndani ya msitu wa Mlima Kenya miti imeshika ardhi. Maji yalikuwa yamejaa na yanakimbia, lakini kingoni bado uliona mawe ya chini. Trauti huwinda kwa macho. Kwenye tope hamwoni nzi wako hata ukimpitishia puani.

Hapo ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi. Karibu sote tulikuwa tunarusha mshipi katikati, penye kasi. Mzee akatusimamisha. Mto ukijaa, alisema, samaki hapigani na mkondo. Anasogea ukingoni, nyuma ya jiwe kubwa au chini ya mizizi, anangoja minyoo na wadudu wanaosombwa na mvua. Kwa hiyo simama nyuma ya ukingo, urushe hapo karibu. Nzi wadogo wa rangi hafifu akawaweka kando, akatufungia Kenya Bug, yule mweusi wa manyoya anayejulikana sana kwenye mito hii, kwa sababu maji yakichafuka kidogo, umbo jeusi ndilo linaloonekana. Haukupita muda mshipi wangu ukavutwa. Trauti wa upinde wa mvua, mstari wa waridi ubavuni, mrefu kidogo kuliko kiganja changu. Nilimrudisha. (Wenzake wa kahawia ndio waliotangulia kuletwa Kenya, kutoka Uskoti mwaka 1905. Kituo cha serikali cha kuzalisha trauti kiko hapo Kiganjo, kama una watoto wanaotaka kuona vifaranga.)

Tulikuwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na usidhani ni wa picha. Msitu huo una tembo na nyati, na mvua ikichanganyika na kishindo cha mto husikii kitu kinachokujia mgongoni. Radi ilipoanza kunguruma, mzee aliamuru fimbo zote zilazwe chini, maana fimbo za kaboni hupitisha umeme. Jamaa mmoja akalalamika kwamba amelipia siku nzima. "Kijana, hiyo fimbo ni ndefu kuliko sisi sote hapa. Ilaze."

Nyota iliyopotea ni ya viatu. Klabu ilitugawia gamubuti za kawaida za shambani, na kwenye mawe yenye ukoga hizo ni za kukuangusha. Mwenzetu mmoja aliteleza akalowa hadi kifuani, na hapakuwa na hata turubai la kujikinga akibadilisha nguo. Githeri nayo ilifika baridi. Chai ya tangawizi, sina neno, ilikuwa moto na ya kutosha.

Ukienda masika, beba viatu vyenye soli inayoshika, soksi za akiba na nguo za kubadilisha ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla ya kulipa, uliza mwelekezi wa siku hiyo ni nani. Mimi nimeshajiandikisha tena Juni, kwa sharti kwamba niwekwe kundi la mzee.