SLOE na barua za residensi ya dharura Marekani: tathmini kwa anayeomba akiwa Kisumu, Eldoret au Nakuru

Daktari wa huku anayeomba residensi (mafunzo ya ubingwa baada ya udaktari) ya tiba ya dharura Marekani hukutana na huduma mbili zinazoshika barua zake za mapendekezo. Ya kwanza ni fomu ya SLOE, yaani barua ya tathmini yenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji, inayotolewa na CORD, baraza la wakurugenzi wa residensi za dharura. Ya pili ni mfumo wa intaneti unaopokea barua hizo na kuzifikisha kwa programu. Tathmini yetu kwa ufupi: fomu ni bora kuliko barua yoyote ya kawaida, lakini inamwelemea mtu aliyesomea Maseno, Egerton au Moi. Mfumo nao unafanya kazi vizuri, na mara nyingi kinachokwama ni faili tunazoupa.

SLOE ilianza miaka ya 1990, wakati wakurugenzi walipochoshwa na barua za sifa tupu. Kila mwombaji alikuwa hodari, kila mmoja mchapakazi. Fomu humbana mwandishi achague. Mwombaji yuko katika 10% ya juu, theluthi ya juu, ya kati au ya chini? Akianza residensi atahitaji kuelekezwa kiasi gani? Idara ikipanga orodha yake ya Match, mfumo unaowagawia waombaji nafasi za residensi, itamweka wapi? Kisha kuna sehemu ambayo waombaji wengi hawaijui: idara hueleza pia iliwapa wangapi kila daraja mwaka uliotangulia. Iliyorundika nusu ya wanafunzi kwenye 10% ya juu hujianika yenyewe, na msomaji huipunguzia uzito papo hapo. Kwa hilo pekee fomu hii inastahili heshima. Theluthi ya kati kutoka idara kali si msiba. Wengi hupata nafasi wakiwa nayo.

Ugumu uko kwenye nani anaijaza. SLOE yenye uzito hutoka idara yenye residensi ya dharura, na mara nyingi viongozi wa programu huiandika kwa pamoja baada ya kukuona kazini kwa wiki 4. Ipo nyingine ya daktari wa dharura asiye kwenye programu ya residensi, na ipo O-SLOE kwa daktari wa fani nyingine. Bingwa wa upasuaji aliyekusimamia Nakuru anaweza kujaza O-SLOE, nasi tunaipendelea kuliko barua ya kawaida, kwa sababu msomaji anaipata katika umbo alilozoea. Hata hivyo haizibi pengo la ile ya kwanza. Programu nyingi hutaka angalau SLOE moja ya idara yenye residensi kabla ya kukuita kwa mahojiano.

Ndiyo maana wakati wa kuitafuta ni mwaka wa 6 wa MBChB. Ukingoja umalize uinterni, umechelewa. Mwanafunzi bado anaweza kuomba rotesheni, yaani kipindi cha kufanya kazi idarani, ya kuhudumia wagonjwa, ama kupitia VSLO, huduma ya maombi ya rotesheni ya AAMC (chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani), ikiwa chuo chake kimo, ama kwa kuiandikia idara moja kwa moja. Akishahitimu, hospitali nyingi humruhusu kutazama tu, na idara nyingi hukataa kumjazia SLOE. Zina sababu: fomu inauliza jinsi anavyochukua historia, anavyopanga matibabu na anavyofanya kazi na wauguzi, na mtazamaji hakufanya lolote kati ya hayo. Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza kwa barua pepe: rotesheni hii hutoa SLOE? Nani huijaza? Jibu la "tutaona" lihesabu kuwa hapana. Lenga Juni hadi Agosti, maana programu huanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba.

Eldoret ina nafuu kidogo. Kupitia AMPATH, ushirikiano wa Moi University na Indiana University wa zaidi ya miaka 30, madaktari kutoka Marekani hufanya kazi katika Moi Teaching and Referral Hospital. Mmoja wao akikuona wodini kwa wiki kadhaa, barua yake ina faida kubwa: anajua kukulinganisha na wanafunzi wa kwao. Sharti aseme wazi kwamba alikuona Eldoret na kwa muda gani.

Barua za mabingwa wetu ndizo zinazohitaji msaada zaidi, na si kwa sababu hawakupendi. Mazoea yetu ni kusifu tabia: mtiifu, mwenye nidhamu, anaelewana na wenzake. Msomaji wa kule hupita hapo haraka. Anachotafuta ni kama hiki: "Usiku mmoja majeruhi 3 wa ajali ya bodaboda waliingia kazualti pamoja. Alianza na aliyekuwa akipumua kwa shida, akatambua hewa imejaa kifuani, akaitoa kwa sindano kabla sijafika, kisha akaweka mrija. Kati ya mainterni niliowasimamia mwaka huu, ningemchagua yeye kwanza." Mpe bingwa karatasi ya ukurasa mmoja yenye tarehe za rotesheni, wodi, kesi 3 au 4 mlizoshughulikia pamoja, na taratibu ulizofanya mbele yake. Uandishi mwachie yeye.

Wapo watakaokuambia, "Andika wewe, mimi nitie sahihi." Kataa kwa adabu na umrudishie ile karatasi ya ukurasa mmoja. Barua 2 zenye mkono mmoja hutambulika haraka. Na wanaouza barua zilizoandikwa tayari waepuke kabisa: ECFMG, taasisi ya Marekani inayothibitisha madaktari waliosomea nje, huchunguza hati za uongo, na ikithibitisha, alama hiyo hubaki kwenye rekodi yako.

Sasa mfumo. Kwa miaka mingi barua za dharura zilipitia ERAS, mfumo wa maombi ya residensi wa AAMC. Programu za fani hii zimekuwa zikihamia mfumo mwingine wa maombi, ResidencyCAS. Hakikisha kila programu unayolenga inapokea wapi kabla ya kumsumbua mwandishi. Kwenye ERAS unamwandikisha mwandishi, unapata fomu ya ombi yenye namba ya barua hiyo pekee, unamtumia, naye anapakia PDF bila kulipa chochote. Omba barua nyingi upendavyo, ila programu moja hupangiwa zisizozidi 4. Kubali kuacha haki yako ya kuisoma, kwa kuwa barua ambayo mwombaji ameisoma huaminiwa kidogo. Ombi likitumwa kwa barua pepe, mwambie bingwa atazame pia kwenye folda ya taka.

Faili hukwama kwa mambo madogo. Barua iliyopigwa picha kwa simu hutoka na kivuli na kona zilizopinda. Iskaniwe kwa mashine ya kulaza karatasi. Karatasi yetu ya A4 ina urefu wa milimita 297 na ya Marekani 279, hivyo sahihi na muhuri vilivyobanwa chini kabisa vinaweza kukatwa wakichapisha. Weka ukubwa wa Letter tangu mwanzo. Muhuri wa hospitali si lazima, lakini sahihi ni lazima, pamoja na cheo cha mwandishi na barua pepe yake. Jina lako lifuate rekodi ya ECFMG, hata kama wodini wote wanakuita kwa jina la tatu.

Mkumbushe mwandishi wiki 3 kabla ya tarehe ya mwisho, tena wiki 1 kabla: "Daktari, habari za kazi. Naomba kukukumbusha ile barua. Namba ya ombi ni hii hapa." Ikibaki wiki 2 bila dalili, fungua ombi kwa mwandishi wa akiba. Na tarehe ya mwisho isome kwa saa za huko: saa 11 jioni New York mwezi wa Septemba ni saa 6 usiku Kisumu.