Akvaviti tatu katika jioni moja: Aalborg, O.P. Anderson na Linie

Akvaviti ni pombe kali ya kukenekwa ambayo, kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, hupata ladha yake ya msingi kutokana na kisibiti au mbegu za dili (mmea wa kiungo wenye majani membamba), na kilevi chake hakipaswi kupungua asilimia 37.5. Majira ya baridi yaliyopita, nikiwa Oslo, nilizikusanya chupa tatu ili nizilinganishe: Aalborg Taffel ya Denmark, O.P. Anderson ya Uswidi na Linie ya Norwe.

Ya Denmark, ambayo imekuwapo tangu 1846, haina rangi na ina kilevi cha asilimia 45. Niliitoa kwenye friza ikimiminika kwa uzito kama shira nyepesi, na harufu ya kisibiti ikanikumbusha jira ya pilau, ingawa hii ni kavu zaidi. Peke yake ilinichoma koo bila kunipa mengi. Nilipoinywa pamoja na samaki aina ya heringi aliyelowekwa katika siki, juu ya mkate mweusi, ilikata mafuta yake barabara, nami nikaelewa kwa nini Wadenmark huinywa wakati wa kula.

O.P. Anderson, ya tangu 1891, ina pia shamari na anisi, hivyo ina utamu kidogo. Ni nzuri, lakini sikuifikiria tena.

Linie ndiyo iliyonikalisha mezani. Hutokana na viazi, hulazwa katika mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi sheri (divai kali ya Uhispania), kisha husafirishwa melini na kuvuka ikweta mara mbili, desturi inayokumbusha shehena ya akvaviti iliyoondoka Trondheim, Norwe, 1805 kwenda Batavia (Jakarta ya leo), ikakosa wanunuzi na kurudi ikiwa na ladha bora kuliko ilivyoondoka. Jina la meli na tarehe za safari huandikwa nyuma ya lebo. Mimi niliyekulia Nanyuki, penye kibao cha ikweta, nilitamani kuamini kwamba mstari ule una nguvu hizo. Hata hivyo, zabibu kavu na vanila nilizozionja naona ni kazi ya pipa.

Mkahawa mmoja uliwahi kuniletea Linie iliyotoka kwenye friza, nikaidhania maji makali. Safari hii niliinywa bila kuipoza, polepole, baada ya chakula, na harufu yake ikafunguka. Kwa hiyo sasa Aalborg inakaa kwenye friza, Linie kabatini, na nafasi ya O.P. Anderson nimeiacha wazi.