Uzoefu wangu na ITP bila wengu: pima homa kwanza, chembe sahani baadaye

Ninachotathmini hapa ni upasuaji wa kutoa wengu pamoja na dawa, chanjo na vifaa vinavyoufuata, kwa sababu ukichukua kimoja umechukua vyote. Nina ITP, hali ambayo kinga ya mwili huzigeukia chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) na kuziharibu, na wengu wangu, yaani bandama, ulishatolewa miaka mingi iliyopita. Upasuaji wenyewe naupa nyota 3 kati ya 5. Maelezo ambayo wagonjwa wengi huondoka nayo hospitalini naona yanastahili nyota 1.

Wengu ndio machinjio makuu ya chembe sahani zilizonaswa na kingamwili, na pia ni mojawapo ya viwanda vya kingamwili hizo. Ukitolewa, theluthi mbili hivi ya wagonjwa hukaa miaka bila kuhitaji dawa. Waliobaki hurudi kwenye dawa, wengi wao ndani ya miaka 2 ya mwanzo, maana ini nalo linajua kuchinja. Wazo lenyewe ni la zamani: Paul Kaznelson alilipendekeza Prague mwaka 1916 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Kilichoongezeka ni subira. Siku hizi hushauriwa kungoja angalau mwaka mmoja tangu ugonjwa ugundulike, kwani wapo ambao hesabu ya chembe sahani hupanda yenyewe. Anayekuharakisha mwezi wa tatu, muulize sababu.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya upasuaji hesabu hufika kileleni, pengine ikapita 450,000 kwa mikrolita moja ya damu, kikomo cha juu cha kawaida. Maumivu ya tumbo, homa au kutapika katika wiki hizo si ya kusema ni kidonda tu. Omba upigwe picha ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini, kwa kuwa bonge la damu hupenda kukaa hapo. Mtu wa kutokwa na damu atapataje bonge? Anapata, na hatari hiyo hubaki juu kidogo maisha yote. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usijifariji kwamba damu yako ni nyepesi.

Sasa homa, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Wengu ulikuwa ukichuja bakteria wenye ganda, hasa wale wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Bila wengu, bakteria hao wanaweza kumtoa mtu kwenye kutetemeka kwa baridi hadi kuporomoka kwa presha ndani ya saa chache, na vifo hukaribia nusu ya wanaofikia hatua hiyo. Hatari ni kubwa zaidi miaka 2 hadi 3 ya mwanzo, ila haiishi. Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: kipimajoto kikisoma 38, au nikitetemeka hata kama hakijafika, nameza dozi ya kwanza ya antibayotiki ya akiba hapo hapo, kisha naenda hospitali. Kumeza hakuniondolei safari; kunanunua muda tu. Akiba hiyo kwa kawaida ni amoksisilini yenye klavulaneti, na kwa mwenye mzio wa peniselini huandikwa levofloksasini au moksifloksasini. Iwe imeandikwa na daktari wako mapema, kipimo cha dozi kikiwa kwenye pakiti, moja nyumbani na nyingine ndani ya begi. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi kila unapobadilisha pakiti ya dawa nyingine. Akiba iliyoisha muda ndiyo kosa ninaloliona zaidi.

Mitego ni mitatu. Parasetamoli hushusha homa, basi pima kabla ya kumeza. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, nayo huifunika homa, hivyo ukiwa kwenye dozi kubwa 37.8 pamoja na uchovu mkali inatosha kukutoa nyumbani. Wa tatu ndio mbaya kuliko yote: madoa. Sisi tumezoea vidoa vyekundu kama vichwa vya pini, tukavigandamiza kwa glasi, vikabaki vilevile, tukasema hesabu imeshuka tena. Lakini vidoa vya uti wa mgongo navyo havifutiki chini ya glasi. Madoa pamoja na homa si ITP mpaka daktari athibitishe, na mwambie kwanza kwamba huna wengu, ITP ifuate. Ukianza na ITP, watapima chembe sahani na kukuacha kwenye benchi.

Jeraha la kuumwa na mbwa, hata mkwaruzo, ni la kuoshwa kwa maji na sabuni na kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mate ya mbwa hubeba bakteria wanaoitwa Capnocytophaga, ambao kwa wenye wengu ni nadra kuwa shida. Malaria na ugonjwa wa kupe uitwao babesiosisi huja kwa ukali zaidi pia.

Chanjo ni rahisi, mradi ziandikwe: nimonia, uti wa mgongo aina ACWY na B, Hib (bakteria mwingine mwenye ganda), na mafua kila mwaka. Zichomwe angalau wiki 2 kabla ya upasuaji. Zikikosekana, kuanzia wiki 2 baadaye. ACWY hurudiwa kila miaka 5, na ya nimonia hutegemea aina uliyochomwa, ndiyo maana jina la chanjo ni muhimu kuliko neno “amechanjwa”. Ukiwa umepewa rituksimabu (dawa inayopunguza chembe zinazotengeneza kingamwili) ndani ya miezi 6 iliyopita, chanjo hazishiki vizuri. Na chembe zikiwa chini, omba sindano nyembamba, kisha bana pamba dakika 2 bila kusugua.

Eltrombopagi, vidonge vya kuuhimiza uboho utengeneze chembe sahani, navipa nyota 4. Vilipata kibali Marekani mwaka 2008. Wengi huanza na mg 50 kwa siku (wenye asili ya Asia Mashariki 25), na kikomo ni 75. Nyota moja imepotea kwa sababu ya saa. Kalsiamu, chuma, magnesiamu na alumini hukishika kidonge tumboni kisiingie kwenye damu: maziwa, vitamini zenye madini, dawa za kiungulia. Kimeze saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 4 baada yake. Mimi huweka wakati wa kulala na sigusi maziwa baada ya mchana. Anayelalamika kwamba dawa imegoma, muulize kwanza anaimeza na nini. Matokeo huonekana wiki ya 1 au ya 2, na vipimo vya ini hufuatiliwa sambamba. Lengo ni 50,000 na zaidi, si kushindana na watu wasio na ugonjwa. Ikipita 200,000 dozi hupunguzwa, kwa ajili ya lile bonge. Usiache ghafla: hesabu inaweza kuporomoka chini ya ulipoanzia, kwa hiyo ukiachishwa, damu ipimwe kila wiki kwa wiki 4. Asiyeweza masharti ya maziwa aulizie avatrombopagi, inayomezwa pamoja na chakula.

Anti-D, sindano ya kingamwili inayotumika kwa baadhi ya wagonjwa wa ITP, usihangaike nayo. Hufanya kazi kwa kuushughulisha wengu, na wewe huna.

Kwenye karatasi ya maabara, chembe nyeupe kuwa juu kidogo ni kawaida yetu, si lazima iwe maambukizi. Linganisha na karatasi zako za zamani. Hesabu ikishuka ghafla bila dalili yoyote, omba damu iangaliwe kwa darubini na irudiwe kwenye kichupa cha sitrati, kwa maana dawa iliyomo kwenye kichupa cha kawaida huweza kuzigandisha chembe kwa mafungu na mashine ikazihesabu chache. Slaidi hiyo hiyo ina siri nyingine: asiye na wengu huwa na vitone vyeusi ndani ya baadhi ya chembe nyekundu, viitwavyo Howell-Jolly. ITP ikirudi na vitone hivyo havipo, huenda kuna kipande cha wengu wa ziada kilichobaki tumboni.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nimezifuta. Kung'oa jino nangoja angalau 30,000, ikiwezekana 50,000, na nasukutua kwa asidi ya traneksamu, dawa ya kuzuia damu kutoka.

Bangili naipa nyota 5. Iliyochongwa kwa herufi kubwa, si stika. Mstari wa kwanza: HANA WENGU. Wa pili: HOMA NI DHARURA, ANTIBAYOTIKI SASA. Wa tatu: ITP, ASPIRINI MARUFUKU.