Nyenzo za Bure za Kujifunza Kuandika Nyaraka za Programu: Ipi Uanze Nayo?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Niko hapa Kisumu, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, kwa hivyo mkisikia honi za boda mnivumilie.

Leo nachambua nyenzo za kujifunza kuandika nyaraka za programu. Yaani yale maelezo yanayomwambia mtu mfumo wako unasakinishwa vipi, unafanya nini, na ukigoma ashike wapi. Nimezichagua ambazo hazilipishwi, ziko kwenye mtandao, na hazitakula bando lako.

Jambo hili linanigusa sana. Huku kwetu vijana wanatoka Maseno, wanatoka chuo cha Jaramogi kule Bondo, wanajua kuandika msimbo vizuri kabisa. Kijana anatengeneza mfumo wa sacco, au wa zahanati, au wa duka la vipuri, unafanya kazi. Halafu anaitwa kazi Nairobi. Anayebaki anafungua folda na kukuta faili la README, lile la maelezo ya mwanzo ya mradi, lenye mstari mmoja tu: "Mfumo wa sacco." Basi. Wanachama walishalipa, mfumo ni mzima, lakini hakuna anayethubutu kuugusa. Ndiyo maana kila nyenzo hapa nimeipima kwa swali moja: je, itamsaidia mwandishi kuandika kitu ambacho mgeni atakifuata mpaka mwisho bila kumpigia simu?

Tuanze na kozi ya Google ya uandishi wa kiufundi. Ilikuwa ya kufundishia wahandisi wao wenyewe, mwaka 2020 wakaifungua kwa umma. Ina sehemu ya kwanza na ya pili, na kwa kiasi kikubwa ni maandishi na mazoezi mafupi, kwa hivyo hata kwa simu unasoma. Inachofundisha ni sentensi. Sentensi moja, wazo moja. Jina moja kwa kitu kimoja: usimwite mtu "mwanachama" ukurasa wa kwanza, "mteja" ukurasa wa pili na "mtumiaji" ukurasa wa tatu, maana msomaji atadhani ni watu watatu wenye haki tofauti kwenye mfumo.

Somo ninalolipenda zaidi ni lile la kauli ya kutendwa. Tazama hapa kwenye skrini. Nimeandika: "Mipangilio ibadilishwe kabla ya seva kuwashwa." Ibadilishwe na nani? Mipangilio gani, iko wapi? Sasa soma hii: "Fungua faili la .env, andika namba yako ya Paybill mbele ya neno SHORTCODE, hifadhi, kisha washa seva." Imekuwa ndefu kidogo, lakini mtu wa atachimenti aliyeripoti leo asubuhi anaifanya.

Upungufu wake ni kwamba unaweza kumaliza kozi yote, sentensi zako zikang'aa, na bado nyaraka zisimsaidie mtu. Kuna na vipande vinavyohusu Kiingereza chenyewe, kama alama za uakifishaji. Ukiandika kwa Kiswahili, hivyo pitia haraka.

Haya, sasa ya pili, na hapa nitakaa kidogo. Inaitwa Diátaxis. Ni kazi ya Daniele Procida, mtu wa jamii ya Django, ile zana ya kujengea tovuti, na wale Canonical wanaotengeneza mfumo endeshi wa Ubuntu wanaitumia. Anasema msomaji huja na haja nne. Kuna anayejifunza, huyo mpe somo la kumshika mkono. Kuna mwenye kazi mahususi ya kumaliza, mpe mwongozo wa hatua. Kuna anayetafuta taarifa moja kamili, mpe marejeo. Na kuna anayetaka kuelewa kwa nini mambo yako vile, mpe ufafanuzi. Shida inaanza ukiwachanganya wote kwenye ukurasa mmoja.

Chukua malipo ya M-Pesa, kile kidirisha kinachotokea kwenye simu ya mteja kikimwomba PIN. Wengi tumeunganisha mifumo kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa. Ukisoma nyaraka za mfumo wa kawaida wa duka, utakuta ukurasa mmoja wa "Malipo" unaoanza na historia ya mradi, ukaingia kwenye tokeni, yaani ule ufunguo wa muda wa kuingilia huduma, ukaruka kwenye namba za simu, ukamalizia na majibu ya hitilafu. Sasa wewe uko dukani saa tatu usiku, mteja anasema amelipa, mfumo unaonyesha 1032. Unataka kujua 1032 ni nini, basi! Ni kwamba mteja ameghairi ombi kwenye simu yake. Hiyo ni marejeo. Iwekwe kwenye jedwali: 0 ni malipo yamefaulu, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni ameghairi. Jedwali tu, bila hadithi.

Kwenye mwongozo wa hatua ndipo unaandika kwamba namba ya simu ianze na 254, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Na kwamba anwani ya kupokelea majibu lazima ifikike kutoka nje, kwa hivyo ukiweka "localhost" ya laptopu yako, jibu halitakufikia. Kwenye ufafanuzi ndipo unaeleza kwa nini mfumo unaomba tokeni mpya kila mara: ile ya Daraja huishi sekunde 3599, saa moja kasoro sekunde moja. Mambo ni yaleyale, msimbo ni uleule, ila kila msomaji sasa anajua mlango wake.

Tahadhari moja, na Procida mwenyewe anaisema: usikimbilie kufungua folda nne tupu. Chukua ukurasa ulio nao, uulize unamhudumia nani, hamisha aya moja isiyomhusu. Kesho nyingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo nyenzo bora kuliko zote leo, na ukiwa na jioni moja tu, soma hii. Haifundishi sentensi, kwa hilo rudi kwenye kozi ya Google.

Tatu, miongozo ya mtindo. Google wana wa nyaraka za waendelezaji programu, uko wazi kwa kila mtu. Usiusome kama kitabu, ni wa kufungua ukikwama. Lakini kuna mambo mawili ya kuchukua leo. La kwanza, sharti litangulie agizo. Andika "Kama unatumia Windows, endesha amri hii," usiandike "Endesha amri hii, kama unatumia Windows," kwa sababu mwenye Ubuntu atakuwa ameshabonyeza. La pili, wanakataza kumwambia msomaji kwamba jambo ni rahisi. Nawaunga mkono kabisa. Ukiandika "ni rahisi tu" na yeye amekwama hapo tangu asubuhi, umemwambia kwamba shida ni yeye. Pia hawataki "tafadhali" katika hatua za kawaida. Sisi tumelelewa kwa adabu na neno hilo hutoka lenyewe, lakini hatua kumi zenye "tafadhali" kumi zinachosha. Liweke pale unapomwomba mtu kitu kinachomsumbua kweli.

Microsoft nao wana wao, ni mpana, mzuri ukiandika maneno ya vitufe na skrini. Kwa mradi mdogo, mmoja unatosha.

Kwa anayeanza sifuri kabisa, Write the Docs, jamii iliyoanza na mkutano kule Portland, Marekani, mwaka 2013, wana mwongozo mfupi wa wanaoanza. The Good Docs Project wana violezo, kikiwemo cha README. Vijaze, ila futa vichwa visivyokuhusu. README yenye vichwa kumi na vitatu vitupu inakera kuliko ile ya mstari mmoja.

Zote hizi ni za Kiingereza, na mhasibu wa sacco kule Ahero hatasoma nyaraka za Kiingereza. Kwa hivyo mimi nashauri hivi: ya mwendelezaji programu iandike kwa lugha timu yenu inayofanyia kazi, lakini mwongozo wa mhasibu uandike kwa Kiswahili, na majina ya vitufe uyaache yalivyo kwenye skrini, herufi kwa herufi. Kitufe kikiandikwa "Submit", andika bonyeza "Submit". Ukimwandikia "Wasilisha", atakitafuta mpaka jioni.

Viungo viko hapo chini. Kama una README ya mradi wako na hujui pa kuanzia, niwekee kiungo chake, na uniambie nani anapaswa kuisoma. Hilo la pili ndilo nitakaloangalia kwanza.