Tovuti 23 nilizojenga kwa WordPress, na 9 zilizobaki hewani

Jumapili iliyopita umeme uliporudi nilichukua daftari ninaloandikia kazi zangu tangu 2015, nikaanza kufungua tovuti za wateja moja moja kwenye simu. Daftarini zipo 23. Tisa zimefunguka vizuri. Mbili zimefunguka lakini si zile nilizokabidhi: moja inauza dawa za nguvu za kiume kwa Kiingereza, nyingine imegeuka tangazo la kuuza domeini yenyewe, yaani lile jina la tovuti. Kumi na mbili hazipo kabisa.

Zote nilizijenga kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti bila kuandika kila kitu kwa mkono, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuisema. Vijana wanaotoka vyuoni huniuliza kila mara, "Dada, nianze na WordPress au nijifunze kuandika HTML na PHP mwenyewe?" Hizo ni lugha za kompyuta zinazoandikia tovuti. Huwa najibu kwa mkato. Leo nina nafasi.

Nianze na sifa, nisije nikaonekana sina fadhila. Programu hii ilitoka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walipochukua programu ya kublogu iliyoitwa b2, ambayo ilikuwa imeachwa bila mtu wa kuiendeleza, wakaijenga upya. Mpaka leo ni ya bure: unapakua, unaipandisha kwenye sava, ile kompyuta inayoweka tovuti hewani, hakuna anayekudai leseni. Kwa mtu aliyeanzia chumba kimoja Tabata na laptopu ya mtumba, hilo si dogo. Nilikuwa nawasha programu ya XAMPP, laptopu inajifanya sava, najenga tovuti nzima usiku bila bando, kisha asubuhi naenda intaneti kafe kuipandisha. Mteja wa kwanza, fundi wa madirisha ya aluminiamu, aliona tovuti yake siku ya nne. Ningeandika kila kitu kwa mkono ingenichukua mwezi, na yeye asingeongeza hata mia juu ya zile laki tatu na nusu tulizokubaliana.

Tena ukikwama, jua kuna mwenzio alikwama hapohapo zamani. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinatumia WordPress, hivyo ujumbe wowote wa kosa ukiubandika Google, jibu lipo. Mimi sikusomea kompyuta, nilisomea uhasibu. Nimefundishwa na watu nisiowajua, saa nane za usiku.

Sasa tuje kwenye maumivu.

Mwaka 2018 nilijengea shule moja ya sekondari ya binafsi kule Morogoro. Walitaka ifanane na ya chuo kikuu cha nje, na thimu waliyoipenda, yaani vazi la tovuti lililoshonwa tayari, ilikuwa ya kulipia, dola hamsini na kitu. Sikuwa na kadi ya kulipia mtandaoni, na kusema kweli sikutaka kuzitoa hizo dola kwenye faida yangu. Nikaitafuta "iliyovunjwa", yaani nakala ya wizi, nikaipata bure, nikaiweka. Ilipendeza. Mkuu wa shule akanipigia makofi mbele ya bodi.

Baada ya miezi minane akanipigia simu. "Dada, mbona tovuti yetu inaongea Kichina?" Nikaifungua: Kiswahili na Kiingereza, kama nilivyoiacha. Nikadhani anatania. Akanitumia picha ya skrini. Jina la shule Google, na chini yake mistari mitupu ya maandishi ya Kijapani ikitangaza viatu na mikoba. Ndiyo namna mchezo huu unavyochezwa: msimbo uliofichwa huangalia nani amekuja. Akija mwenye tovuti, anaona tovuti yake. Ikija roboti ya Google, inaonyeshwa duka la bandia. Unaweza kuibiwa mwaka mzima na kila siku unapita sebuleni unaona makochi yako yapo.

Niliingia kwenye folda ya uploads, ambamo hukaa picha na nyaraka tu. Katikati ya picha za mahafali palikuwa na faili lenye jina kama la picha, ila mwisho wake .php, alama ya programu, si ya picha. Nikalifuta, nikalala. Asubuhi limerudi. Nikalifuta tena, likarudi tena. Usiku wa tatu ndipo nikafungua jedwali la watumiaji kwenye hifadhidata, nikamkuta msimamizi wa pili ambaye sikumuunda mimi wala shule. Nilifuta kila kitu nikajenga upya kwa thimu ya bure, sikuwatoza senti. Mkuu wa shule alishukuru sana, akasema wadukuzi ni watu wabaya. Nikaitikia. Ile thimu ya kuvunja sikuitaja, na leo ndiyo mara ya kwanza naisema.

Kwa hiyo mtu akiniambia WordPress haina usalama, siungani naye moja kwa moja. Yenyewe ukiisasisha iko imara. Milango inafunguliwa na plagini (vile viprogramu vya kuiongezea kazi) zilizotelekezwa, thimu za wizi na pasiwedi ya "admin123". Lakini pia siwezi kuitetea sana, kwa sababu imejengwa hivi kwamba bila plagini hufiki mbali, na kila plagini ni mgeni mwingine unayempa funguo. Tovuti yangu moja ya nyumba ya wageni Jambiani ilifika plagini 31. Mwenyewe akawa anapandisha picha za bahari moja kwa moja kutoka kwenye simu, kila moja megabaiti saba. Ukurasa ukawa unafunguka taratibu kama mlango wa stoo. Siku hizi picha ninazipunguza mwenyewe kwanza, na plagini zangu hazivuki kumi.

Na masasisho yenyewe hayana huruma. Desemba 2018 toleo la 5.0 lilipokuja na kihariri kipya cha vipande, karani wa ileile shule alinipigia akikaribia kulia: "Dada, vitufe vyote vimehama!" Ikabidi niweke plagini ya kurudisha kihariri cha zamani. Mgeni mwingine huyo, mpe funguo.

WooCommerce, plagini yao ya duka, nayo ina somo lake. Mwaka 2019 bosi mmoja wa vifaa vya ujenzi Kariakoo alitaka duka la mtandaoni lenye kapu, malipo, kila kitu. Nilipiga picha bidhaa 140 kwa mkono wangu: vitasa, bawaba, koki, mabomba. Plagini ilifanya kazi bila kosa hata moja. Miezi mitatu, oda nne, na mbili zilikuwa zangu za majaribio. Moja ya zile za kweli, fomu ilipouliza postikodi, mteja aliandika "nyuma ya sheli, uliza kwa Mangi".

Watu walikuwa wanaingia, takwimu zilionyesha. Walikuwa wanaangalia koki, wanapiga picha ya skrini, wanamtumia bosi WhatsApp: "Hii mwisho shilingi ngapi?" Bei imeandikwa hapohapo chini ya picha! Nilikasirika mpaka nikajiuliza mimi mwenyewe lini nimenunua kitu Kariakoo kwa bei ya kwanza. Bei kule hutajwa ili mazungumzo yaanze, na kapu la mtandaoni halijui kupunguza. Nikaling'oa kapu, nikaweka kitufe cha WhatsApp chini ya kila bidhaa. Hiyo ni mojawapo ya zile tisa zilizo hai, na bosi bado ananiletea wateja. WooCommerce ni nzuri kwa anayeuza kwa bei moja, vitabu kwa mfano, au tiketi. Kwa wengine unajenga benki pale panapotosha kibubu.

Zile kumi na mbili zilizokufa hazikudukuliwa. Zilikufa kwa njaa. Mteja hulipia hosti, yaani nafasi kwenye sava, na domeini mwaka wa kwanza, moyoni akijua amenunua kibao: ukishakipigilia ukutani, kimekaa. Mwaka wa pili unamkumbusha, anaona unamtafutia ulaji. Na hapo nami nina dhambi, kwa sababu miaka ile domeini nilizisajili kwa barua pepe yangu, hivyo hata aliyetaka kulipa ilibidi anitafute. Sasa nasajili kwa jina la mteja, mbele yake, na pasiwedi anaiandika mwenyewe.

Jibu langu kwa wale vijana, basi: jifunze WordPress, itakulipa kodi ya nyumba. Ila kabla ya kumjengea mteja, muulize nani atakayeingia kwenye wp-admin, ukurasa wa kuisimamia tovuti, mwezi ujao. Anayekubali matunzo ya elfu arobaini kwa mwezi, namjengea. Asiyetaka, namwandikia kurasa tatu za HTML tupu, zisizo na hifadhidata wala mlango wa kuingilia. Yule fundi wa aluminiamu nilimbadilishia 2021: picha sita, ramani, namba ya simu. Sijaigusa tangu siku hiyo, na juzi imefunguka kabla sijahesabu mbili.

Ile inayouza dawa ilikuwa ya jamaa wanaofunga kamera za ulinzi. Nilimpigia mwenyewe jioni ileile kumweleza, nikiwa nimejiandaa kwa lawama. Akanyamaza kidogo.

"Kwani bado ipo?"

Nikamwambia ipo, ila inauza dawa za wanaume.

"Sasa dada," akasema, "na inauza?"