Pemba ya sokoni: harufu nzuri, lebo hakuna

Udongo wa kula, ambao Tanzania unajulikana kama pemba na Kenya wengi huuita odowa au mawe, hupatikana gengeni na sokoni, ukiwa vijiti au mabonge. Wateja wake wakubwa ni wajawazito.

Mdomoni, pemba inastahili sifa zake: harufu ya ardhi iliyonyeshewa, unamung'unya taratibu, na mate yanayojaa mdomoni yanatulia. Kasoro ni kwamba hakuna palipoandikwa udongo ulichimbwa wapi wala kama ulipimwa. Risasi na kadimiamu, madini mazito yenye sumu, hazionekani kwa macho wala hazionjeki. Huonekana maabara tu. Kuoka kunaua mayai ya minyoo, jambo jema, ila madini mazito hayaungui.

Tupige hesabu. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) iliweka kikomo cha kadimiamu: mikrogramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa mwezi. Kwa mama wa kilo 60, kikomo hicho ni kama mikrogramu 50 kwa siku, na humo umo wali, mchicha na kila kitu anachokula. Kikomo cha EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ni kikali zaidi, kama 21 kwa siku. Udongo wenye miligramu 1 ya kadimiamu kwa kilo, ukila gramu 50, umemeza mikrogramu 50. Udongo usiochafuliwa kwa kawaida huwa chini ya hapo, na si kadimiamu yote inayoyeyuka tumboni. Lakini uliochimbwa jirani na mgodi au dampo unaweza kupita kiasi hicho, na muuzaji mwenyewe huenda hajui ulikotoka.

Mjamzito ndiye mteja aliye hatarini kuliko wote kwa bidhaa hii. Akiba ya chuma ikipungua, utumbo huongeza milango ya kupitishia chuma, na kadimiamu hupita mlango huohuo. Mwenye upungufu wa damu anaweza kufyonza karibu mara mbili ya mwenzake. Ikishaingia, hukaa kwenye figo kwa miaka zaidi ya 10. Kondo la nyuma huinasa kwa protini iitwayo metalothionini, hivyo kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo. Tatizo ni kwamba protini hiyohiyo hushika zinki pia: zinki inabaki kwenye kondo, mtoto anapungukiwa, na kadimiamu nyingi kwa mama imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Wauzaji hupenda kusema pemba nyekundu "inaongeza damu". Wekundu ni kutu ya chuma, na haiyeyuki kirahisi tumboni. Udongo wa mfinyanzi wenyewe hunasa chuma cha chakula na cha vidonge.

Kwa bidhaa isiyo na lebo, tunaipa nyota moja kati ya tano, kwa ajili ya harufu.

Hamu kali ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, kwa hiyo mwambie mkunga na uombe kupimwa damu. Vidonge vya chuma na foliki vinywe kwa maji au juisi ya chungwa, si kwa chai. Aliyeshindwa kuacha kwa ghafla apunguze kijiti hadi kipande, asikile ndani ya saa mbili kabla au baada ya kidonge, na asichukue kabisa udongo wa maeneo ya machimbo.