TAHADHARI: Fundi wa stendi za matangi ya samaki, msimpe kazi

Wote mliochukua namba ya yule fundi kutoka kwangu, ifuteni leo hii. Na kama kuna ambaye stendi yake imeshabebwa, aifuate kabla haijapakwa rangi, maana ikishapakwa hutaona kitu.

Kisa cha kichujio cha tangi langu kuvuja na kulowesha stendi mnakijua, sitakirudia. Ubao wa chini ulikuwa umevimba, na kona ya kushoto ganda la juu limeanza kubanduka. Nilichotaka ni ikarabatiwe na izibwe upya, basi.

Sasa sikieni huyu bwana alivyoingia. Alikuja na pimamaji yake mwenyewe. Akapiga magoti, akaanza kugonga ubao kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. "Hapa pazima. Hapa pazima. Hapa pamekufa." Akachomoa bisibisi, akaidunga ile kona, ikazama. Akanieleza, wala sikumuuliza, kwamba chipbodi, huu ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ikishavimba hairudi hata ukiikausha, dawa yake ni kuikata na kuweka plaiwudi. Kwamba maji hupenda kuingilia kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu, kwa hiyo vyote hivyo hunyweshwa epoksi, ile gundi inayokauka ngumu na kuzuia maji, kabla stendi haijafungwa. Kwamba ubao mbichi ukiuziba umeufungia unyevu ndani na utaendelea kuoza. Yote hayo ni kweli tupu! Mtu anayekwambia ukweli mtupu namna hiyo utamshuku kwa lipi? Hata shemeji, ambaye mnajua haamini kiumbe, alisema huyu ndiye.

Akairudisha inang'aa. Harufu ya vanishi mpya imejaa chumba kizima. Nikapitisha kiganja juu, laini kabisa, hakuna hata kikwaruzo. Nikaishika pembeni niilaze nione chini. Hapo ndipo aliponiwahi mkono: "Usiilaze bosi, vanishi bado changa, utaichubua." Amesema kwa upole, mkono wake uko juu ya wangu, kama mtu anayekuonea uchungu mali yako. Nikaiachia. Nikamlipa chake chote na nyongeza juu, na akapokea nyongeza! Akashukuru! Hilo "bosi" lake linanikereketa mpaka sasa.

Tangi ni la lita 200. Maji matupu ni kilo 200, bado kioo, bado changarawe na yale mawe. Mlango wa kushoto wa stendi ukaanza kugoma kufunga. Nikakaza bawaba, ukagoma vilevile. Kisha nikaona maji hayaendi sambamba na fremu ya juu, upande mmoja yamepanda, mwingine yameshuka. Wenye matangi mnaelewa: stendi ikiinama, uzito unaegemea upande mmoja na viungo vya kioo vinabeba mzigo ambao havikupangiwa. Ikawa ni usiku wa kunyonya maji kwa mpira, samaki kwenye beseni na pampu ya hewa. Yule samaki mkubwa hakufika asubuhi. Mnamjua.

Tulipoilaza ile stendi, ubao ni ule ule! Haukukatwa, haukutolewa. Uvimbe kapiga msasa, mashimo kajaza puti, nyufa kazipachika silikoni, kisha rangi na vanishi sehemu zinazoonekana tu. Chini hakuna hata tone la rangi. Plaiwudi sijaiona, epoksi sijainusa. Nilidunga bisibisi pale pale alipodunga yeye siku ya kwanza, ikaingia mpaka mpini.

Simu hapokei. Nikitumia namba ya mtu mwingine anapokea, akisikia sauti yangu anakata. Mtu wa namna hii anyang'anywe randa, msumeno na hiyo pimamaji anayotembea nayo kutapelia watu. Arudishe hela, alipe samaki, kisha akajieleze polisi. Na wanaosema nimsamehe kwa kuwa ni kijana anatafuta maisha, mimi maisha yangu nayatafutia wapi?

Dalili zilikuwepo, nawapa mzijue. Aliirudisha haraka mno, na ubao uliolowa haukauki, ukakatwa, ukanyweshwa epoksi na epoksi yenyewe ikakomaa kwa muda ule. Picha alizokuwa akinitumia zote ni za mbele. Nilipoomba picha ya chini kabla ya rangi akasema simu imeisha chaji. Na hiyo ya kunizuia kuilaza nimeshaisema. Fundi asiyetaka uone chini na ndani, usimlipe, mpaka aipindue mbele yako. Na mwenye vanishi changa aje ikikomaa!

Amehama alipokuwa akifanyia kazi, nimekuta pamefungwa. Anayejua alikohamia anitumie ujumbe wa siri. Nitaenda na stendi yenyewe juu ya gari, na shemeji ameshasema anakuja.